Tiki ya Nne

"Mama, namba yako haiko mu machine," Amandine alimwambia mgeni wake, akaandika tena 417. Hakuna kitu.

"Haiwezekane, dada! Hii karatasi walinipa kule kambini Tanzania. Mi natafuta bwana yangu. Miaka saba natafuta!"

Mgeni aliitwa Prudence. Amandine ndiye aliyesimamia orodha ya watu waliopotezana vitani, katika ofisi ndogo ya msaada mtaani Bwiza, na kila mfanyakazi aligusa kile tu alichoruhusiwa na yeye. Namba haijifuti yenyewe. Akafungua kumbukumbu za mabadiliko.

"417. Imefutwa na: sylvere. Machi 14, 2003, saa 5:20 asubuhi."

Sylvère, karani wa ofisi hiyo hiyo, alikuwa mchumba wake, mahari imeshapokelewa, harusi Jumamosi. Na asubuhi ile ya Machi aliikumbuka vizuri, maana mjinga alikuwa yeye.

"Kila kosa kidogo nikuite we?" Sylvère alilalamika siku ile. "Wenzangu wananicheka. Unaniamini nikuoe, lakini kufuta mustari moja, apana?"

Mapenzi upofu, jamani. Amandine akafungua dirisha la watumiaji, akabofya jina la mpenzi wake. Visanduku vinne: kusoma, kuongeza, kubadilisha, kufuta. Sylvère alikuwa na tiki mbili za mwanzo tu, kama makarani wote. Akamwekea na mbili zilizobaki. Akabusiwa shavuni, akajiona malkia.

Sasa alitafuta nakala ya zamani wanayohifadhi kila wiki. Namba 417 ikajitokeza: "Anayetafuta: Prudence. Anayetafutwa: Sylvère Birindwa, wa Cibitoke. Uhusiano: mume."

Simu yake ikalia. Ujumbe wa Sylvère: "Chérie, suti iko tayari. Jumamosi iko mbali sana!"

Hakujibu. Akamwita Sylvère kutoka chumba cha pili. Sylvère akaja anacheka, akamwona aliyekaa kitini, kicheko kikakatika mlangoni.

"Sylvère?" Prudence akasimama. "Uko muzima?"

Sylvère akarudi hatua moja nyuma.

"Uliniambia bibi yako wa kwanza alikufa," Amandine akasema.

"Niliamini hivyo! Halafu nikaona jina lake humu... Amandine, niliogopa utaniacha."

"Kwa hiyo ukamuua we mwenyewe. Na mi ndiye nilikupa kisu."

"Nakupenda, chérie."

"Sylvère," Prudence akaita polepole, "watoto hujawaulizia."

Sylvère akatazama sakafu. Amandine alitamani kupiga kelele, alitamani kumzaba kofi, lakini mikono ikarudi kwenye kazi inayoijua. Akaondoa tiki ya kufuta. Ya kubadilisha. Ya kuongeza. Ya kusoma. Kisha akairudisha 417 mahali pake, akaandika "Amepatikana", akaichapa, akaigonga muhuri, akampa Prudence kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Mulango nilifungua mi."

Prudence akapokea, machozi yanamtoka.

Ndipo Amandine akachukua simu, akajibu ule ujumbe. Ikalia mfukoni mwa Sylvère, hapo hapo alipokuwa amesimama. Akaitoa, akasoma:

"Suti uivae tu. Bibi yako amefika."