Mstari Kati ya Watani

Saa nne kamili asubuhi mstari wa samawati uliwaka katikati ya barabara kuu ya Lihamba, ukakata soko, ukapita mbele ya ngazi za zahanati, ukaishia mtoni. Haukuwa rangi. Ulikuwa mwanga uliotoka ndani ya lami yenyewe, nao uliwashwa kwa muda wa saa moja kila mwezi ili raia wakumbuke nani anapiga kura wapi. Mashariki lilikuwa jimbo moja, magharibi jingine. Mtu angeweza kuuvuka mchana kutwa bila kuulizwa na yeyote. Ajabu ni kwamba watu walikuwa hawauvuki.

Mhandisi Osmunda Komba aliutazama kupitia dirisha la kigari chake kisicho na dereva, akaona fahari, na tusimlaumu mapema. Mstari ule ulikuwa kazi ya mikono yake. Mwaka 2084, miaka kumi nyuma, ndiye aliyeifundisha Mizani, akili unde ya kuchora majimbo. Kabla ya hapo wanasiasa waliyakata majimbo kama nyama ya sikukuu, minofu kwao na mifupa kwa wenzao. Mizani haikuwa na chama wala shemeji. Ilisikiliza tu. Juu ya kila nguzo ya taa palifungwa kisikizi, kifaa kidogo kilichohesabu maneno ya hadharani bila kutunza jina la msemaji. Maneno ya heri yalitiwa kapu moja, matusi kapu jingine. Waliotukanana mno Mizani iliwatenganisha, kila kundi likapata mbunge wake, ili wasije wakaumizana.

Lihamba ilivunja rekodi. Wahehe na Wangoni wa mji huo walitukanana tangu alfajiri, sokoni, harusini, hata misibani. Mizani ikapitisha mstari katikati yao. Sasa ripoti ya miaka kumi ilikuwa mkononi mwa Osmunda: uhasama, sifuri. Kesho yake mchana alitakiwa kutia saini, mstari uendelee kwa miaka kumi mingine na miji yote ya nchi ikatwe kwa kipimo hicho hicho.

Lakini leo hakuja kwa ajili ya ripoti. Alikuja kumzika shangazi yake, Kandida, upande wa Wangoni wenzake.

Msiba ulikuwa kimya kupita kiasi. Wanawake walikaa mikekani, wanaume kwenye viti vya plastiki, na Gotfrid, mdogo wake marehemu, alikuwa ameukodolea macho mlango wa ua.

"Baba mdogo, tunamsubiri nani?" Osmunda aliuliza.

"Watani. Kaburi halijachimbwa, na wafiwa hatuchimbi sisi. Kazi yao hiyo."

"Watani gani?"

Gotfrid alimgeukia taratibu. "Kweli umekulia Dodoma. Wahehe, mwanangu! Akina Luhwavi. Yule Laurian na shangazi yako walitukanana miaka arobaini. Kandida alipougua kichomi, Laurian ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, na njia nzima anamwambia afe upesi amrithi kuku wake."

Osmunda alivuta kiti karibu. "Kwa hiyo yale matusi yote..."

"Matusi yapi? Utani huo."

Neno utani alilijua, nani asiyelijua? Alilijua kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuvuka. Siku alipopanga makapu ya Mizani hakuweka kapu la utani. "Mla mbwa wee", kejeli ya Wangoni kwa Wahehe, lilikwenda kwenye matusi, "mateka wangu", la vita vya mababu, likafuata huko huko, na yeye hakumuuliza mtu hata mmoja.

"Sasa mbona hawaji?"

"Jimbo lilipokuwa moja," Gotfrid alisema, "mgombea alihitaji kura za pande zote mbili. Alipanda jukwaani, Wahehe wakamtania, Wangoni wakamtania, naye akajibu mapigo. Asiyejua kutaniwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mstari ulipokuja, kila mgombea akabaki na watu wake. Huku akashinda aliyesema Wahehe wanatuibia maji. Kule akashinda aliyesema Wangoni wanataka ardhi ya Wahehe. Maneno yetu ya kuchekea wakayatia sumu. Tukaona afadhali kunyamaza."

Osmunda aliikumbuka sifuri yake, akaona aibu. Aliinuka, akatoka nje, akauvuka mstari kwa miguu.

Alimkuta Laurian Luhwavi uani kwake, mzee mwembamba aliyeinamia roboti ya kupalilia iliyokatika mnyororo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mimi ni mtoto wa kaka yake Kandida. Shangazi ametutoka."

"Nimesikia." Mzee aliweka spana chini, asijue mikono aipeleke wapi.

"Njoo utuchimbie kaburi."

"Mwanangu alimwita Mngoni mateka wake pale sokoni, kama tulivyozoea. Akalala mahabusu siku tatu. Mimi nikija nikamsimanga marehemu, nani atacheka?"

"Sijui, babu. Huo mstari niliuchora mimi."

Akamweleza yote, visikizi na makapu, bila kujitetea. Kisha mbele ya mzee akaifungua ripoti, akaandika chini yake: "Sitii saini. Mashine ilihesabu sawasawa, ila mimi niliifundisha kwamba utani ni matusi." Akaituma kwa Tume inayosimamia majimbo. Alijua kibarua chake kimeota nyasi.

"Hilo halimrudishi Kandida," Laurian alisema. Kisha akachukua jembe lake.

Alichimba akisaidiwa na wapwa zake wawili, jasho likiwatiririka, na hakuna aliyewasemesha. Kaburi lilipokamilika Laurian aliteremka, akajilaza ndani chali, kama watani wafanyavyo.

"Nimeshawahi nafasi!" alipaza sauti. "Kandida bahili huyu, mwambieni akalale kwingine!"

Zamani uwanja mzima ungeangua kicheko. Sasa vijana walitazamana, mmoja akakunja ngumi, mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Laurian alisubiri. Kisha mle mle shimoni akaanza kulia, yeye mtani, ambaye kazi yake msibani ni kuwachekesha wanaolia. Gotfrid alifunika uso kwa kofia.

Osmunda alisogea ukingoni. Maneno yale alikuwa ameyasoma maelfu kwa maelfu kwenye ripoti, ila hajawahi kuyatamka hata siku moja.

"Toka humo," alisema. "Toka, mla mbwa wee. Shimo... shimo hilo si lako."

Laurian alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo, akafumbua jicho moja, akamtazama kutoka chini.

"Hovyo kabisa," alisema. "Shangazi yako angeona haya. Sema tena, na safari hii usinionee huruma."