Janine na Malipo ya Wafiwa

Je, wewe msomaji, umewahi kupewa haki yako ukainusa kama samaki wa juzi? Ndivyo alivyofanya Janine Hesketh wa mji wa Rochdale, Uingereza, mumewe Craig alipofariki.

Janine alipika katika jiko la shule, saa chache kwa siku. Alikuwa na binti mdogo, Maisie. Mshahara haukutosha, kwa hiyo serikali ilimwongezea ruzuku ya wenye kipato kidogo. Mama yake, Edna, alikuja kila asubuhi na kutengeneza chai nzito ya maziwa.

"Mama," Janine alisema siku moja, "wenzangu kazini wanasema kuna malipo ya wafiwa. Niombe?"

"Thubutu! Baba yako alipokufa nililipwa pensheni ya wajane. Jirani akaona viatu vya mwanaume mlangoni, akanichongea kwamba naishi na mwanaume. Kumbe vya mjomba wako Vernon, kaja kuziba bomba! Maofisa walinihoji, wakapekua mpaka chini ya kitanda, wakanisimamishia pensheni."

"Hiyo zamani, mama."

"Serikali ni ileile. Watakupa huku, wakate ruzuku kule."

Janine akaingiwa na hofu. Trevor, rafiki wa Craig, alipokuja kutengeneza geti la nyuma, Janine alimsemesha mlangoni, mvua ikimnyeshea.

"Hata chai hunipi, Janine?"

"Nenda tu, Trevor. Watu wanaangalia."

Siku zikapita. Tanuri likaharibika, wakawa wanakula maharage juu ya mkate. Hatimaye Janine akaenda ukumbi wa kanisa, anapokaa mshauri wa malipo ya serikali aitwaye Nasreen. Edna alimfuata, mkoba kaukumbatia.

"Nani kakutuma?" Edna alimuuliza Nasreen.

"Hakuna, bibi. Nimeajiriwa na shirika la hisani."

"Wapelelezi wote husema hivyo."

Nasreen akacheka. "Mpelelezi gani anakula sandwichi ya yai mbele za watu? Kaa, bibi. Uliyopitia ni kweli. Lakini sheria imebadilika. Siku hizi hata mjane akiishi na mwenzi mwingine, malipo hayasimami. Tena hayahesabiwi kama kipato, kwa hiyo ruzuku haikatwi."

"Na ubaya wake? Usinifiche," Edna alisema.

"Upo. Zamani mzazi alilipwa mpaka watoto wakue. Sasa ni mwaka mmoja na nusu tu, basi. Wengi wakifika hapo hubaki wakitegemea ruzuku peke yake, na ruzuku huuliza kila senti yako. Tena ukichelewa zaidi ya miezi mitatu tangu msiba, unapoteza sehemu. Craig alichangia bima ya taifa?"

"Tangu aanze kazi," Janine alijibu. "Na miezi mitatu bado haijatimia."

"Basi piga simu leo. Umebakiwa na siku chache."

Janine alipiga simu palepale. Edna alisogeza sikio karibu, akisubiri swali la viatu. Halikuja.

Malipo yalipoingia, Edna alisema, "Ngoja tuone ruzuku." Ruzuku nayo ikaja, haikupungua. Wakanunua tanuri. Edna akaoka pai ya nyama na viazi.

"Mbona umenuna?" alimuuliza binti yake. "Hela si umepata?"

"Zitakwisha, mama. Nasreen kasema." Janine aliweka uma chini. "Mimi sitaki kuishi naulizwa nina nini kabatini. Nataka kusomea uuguzi, jioni, chuoni. Nilitaka tangu Craig yu hai, nikaogopa kukuomba. Niangalizie Maisie jioni hizo, mama."