Aliyekaa Juu ya Mfuniko

"Maulidi, fungua."

"Sema kwanza."

"Fungua, nakosa pumzi huku."

"Sema unaacha kazi. Neno moja tu, Naila, nafungua."

Naila alikuwa ndani ya tangi, chini ya sitaha ya tishari la chuma lililokuwa likitengenezwa ufukweni, upande wa kwenda Kaole. Tundu la kuingilia lilikuwa juu ya kichwa chake, na mfuniko wake ulikuwa umeshushwa. Haukukaa sawasawa kwa sababu waya wa mashine ya kuchomelea ulikuwa umebanwa ukingoni, ukaacha upenyo wa vidole viwili. Naila alisimama juu ya ubavu wa chuma uliojitokeza ukutani mwa tangi, akaweka mdomo kwenye upenyo huo. Feni ya kutoa moshi ilikuwa imezimwa. Moshi wa kazi aliyoifanya tangu asubuhi ulikuwa umejaa mle ndani, mzito na mchungu.

Juu ya mfuniko, Maulidi alikunja gunia akalikalia, maana jua la saa saba lilikuwa limelichoma lile bamba kama kikaango.

Maulidi alikuwa mchumba wake. Harusi ilibaki wiki tatu.

"Unaniua, Maulidi."

"Sikuui. Nakufundisha. Mke wangu hawezi kushinda matangini na wanaume, suruali imejaa masizi, halafu jioni mji mzima unaniuliza kama ni mimi niliyeolewa."

"Tulianza kazi hii pamoja."

"Ndiyo. Na wewe tu ndiye uliyefaulu."

Hapo ndipo palipomuuma Maulidi.

Walikutana miaka miwili nyuma, siku moja, kwenye lango moja, wote wawili wanagenzi wa Fundi Sadallah. Siku ile Naila hakuwa na glovu, na Maulidi akampa zake, akafanya kazi mikono mitupu mpaka akababuka. Mapenzi yakaanzia hapo. Walikuwa wakila chakula cha mchana kwenye sahani moja, wakibishana nani ana mshono wa kuchomelea mnyoofu zaidi, na Maulidi alikuwa akicheka akishindwa.

Kisha ikaja siku ya mtihani. Kila mmoja aliunganisha mabamba mawili, Fundi Sadallah akakata kipande na kukikunja kwenye mashine mbele ya watu wote. Cha Naila kilikunjika kama kiatu cha farasi, bila ufa. Cha Maulidi kilifunguka katikati kama muhogo mkavu.

"Naila, kuanzia Jumatatu wewe ni fundi," Sadallah alisema. "Maulidi, utarudia baada ya miezi sita. Usivunjike moyo."

Jioni ile, nyuma ya stoo, Maulidi alimpiga Naila kofi la kwanza. Usiku ikaingia meseji: "Nisamehe kipenzi changu. Ni hasira tu. Sitarudia."

Alirudia. Mara ya pili alimpinda mkono mpaka ukalia. Mara ya tatu alimbana shingo kwenye ukuta wa karakana, na Naila akavaa mtandio wa kujifunika mpaka kidevuni siku tisa. Kila mara meseji ilikuja, na kila mara Naila alisamehe, kwa sababu alikuwa bado anamwona yule kijana wa glovu.

Ijumaa hii wenzao wote walikuwa wamekwenda msikitini. Naila alibaki amalizie mshono wa mwisho, na kazi ya kukaa pale juu amlinde aliyemo tangini ilikuwa ya Maulidi. Watu walipotoka tu, akazima feni, akashusha mfuniko.

Nyayo zikasikika juu ya sitaha. Naila akashusha pumzi. Alizitambua kwa viatu vya ngozi, zilikuwa za Mzee Vinod, mwenye yadi.

"Maulidi, hukwenda kuswali leo?"

"Mguu unaniuma, bosi."

"Naila yuko wapi? Nataka kumuuliza habari ya mabamba."

"Amekwenda nyumbani. Tumbo."

"Mbona hakuniaga?"

"Mambo ya wanawake, bosi."

Naila alijaribu kupiga kelele, koo likatoa mkwaruzo tu. Akapiga chuma kwa nyundo, lakini mkono haukuwa na nguvu tena, na jenereta lilikuwa likinguruma hatua chache kutoka pale, sauti ikamezwa. Akaingiza vidole vya mkono wa kushoto kwenye upenyo, akavichezesha apate kuonekana.

Maulidi aliviona. Akasimama kama anayejinyoosha, akakanyaga mfuniko kwa uzito wake wote.

Vidole viwili vilisagika. Naila alifungua mdomo, sauti haikutoka, akaanguka chini ya tangi. Alipopata fahamu nyayo za Mzee Vinod zilikuwa zimekwisha kwenda, na damu ilikuwa imemlowesha mpaka kiwikoni. Akajikokota tena mpaka kwenye upenyo.

"Umeona unavyonilazimisha?" Maulidi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya kumbembeleza. "Sema tu unaacha."

"Ungeniomba," Naila alinong'ona. "Kabla ya kofi la kwanza, ungeniomba, labda ningeacha."

"Nakuomba sasa."

"Sasa siachi."

Maulidi alitoa simu. Kupitia upenyo Naila aliona vidole vyake vikigonga kioo, vikiandika. Kisha akateleza gizani.

Fundi Sadallah ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kutoka msikitini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, kanzu bado mwilini, kofia mkononi. Alipanda ngazi ya tishari akamkuta Maulidi ameketi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Naila amemaliza?"

"Amekwenda nyumbani, anaumwa."

Sadallah aligeuka kuondoka. Akasimama. Macho yake yalikuwa yamefuata waya kutoka kwenye mashine, ukipita sitahani, mpaka chini ya gunia.

"Huo waya unaingia wapi?"

"Aliuacha."

"Mtu anayekwenda nyumbani hutoka na waya wake. Nimewafundisha hivyo wote wawili. Inuka hapo."

"Fundi, haya ni ya mimi na mke wangu."

"Inuka, Maulidi."

Maulidi aliinuka, na mkononi alikuwa na kipande cha nondo. Pigo la kwanza lilimpata Sadallah mkono wa kulia, mfupa ukalia. La pili lilimpasua juu ya jicho. La tatu halikufika. Mzee yule alimvaa kwa bega, wakabiringika pamoja juu ya chuma cha moto, wakiumana, wakikabana, kanzu ikichanika na damu ikiwaingia wote wawili machoni, mpaka Maulidi akateleza ukingoni na kuanguka mchangani, mita tatu chini. Hakuinuka upesi.

Sadallah aliuinua mfuniko kwa mkono mmoja. Moshi ukampiga usoni. Akaona helmeti, akaona mkono.

"Njooni," aliwaita wenzake waliokuwa wakiingia langoni. "Njooni haraka, mtoto wa watu huyu."

Naila alizindukia hospitalini, ana mpira wa hewa puani na mkono umefungwa. Vidole viwili vilikuwa vimekatwa. Kando ya kitanda alikaa baba yake mdogo, Mzee Abdulnasir, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetutisha." Akajikohoza. "Maulidi amelia sana. Anasema upepo uliangusha mfuniko, naye akijua umeshatoka."

"Alikuwa amekaa juu yake, baba. Tuliongea."

"Ulikuwa umevuta moshi. Mtu akivuta moshi husikia mengi."

"Na mkono wa Fundi Sadallah?"

Mzee Abdulnasir alitazama dirishani. "Hapo pana maneno mengine. Kijana anasema alimpiga kwa wivu. Kwamba wewe na huyo mzee..."

"Fundi Sadallah ana wajukuu."

"Mimi sijasema. Mji unasema. Maulidi yuko nje kwa dhamana, familia yake iko tayari tuyamalize nyumbani. Ukisema ilikuwa ajali, harusi inabaki palepale na maneno yanakufa."

Naila aliuinua mkono uliofungwa, akamwonyesha.

"Unaniambia nirudi tangini, baba, safari hii nifunikwe na shehe."

Mzee yule hakurudi tena hospitalini. Simu ndiyo iliyoendelea kuja, ya Maulidi.

"Mpenzi, nimekukosea."

"Waambie polisi hivyo hivyo."

"Nikiwaambia, nafungwa."

"Ndiyo."

"Unanipenda bado, Naila?"

Alitamani kusema hapana. "Nakupenda. Ndiyo maana nilikaa kimya mara tatu. Usinipigie tena."

Siku ya sita akaingia mgeni asiyemtarajia. Alikuwa Bi Kibibi, mama yake Maulidi, buibui limekaa upande na viatu havilingani. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akisema kila siku, mbele ya watu, kwamba hataki mkwe fundi chuma.

"Sikuja kukuomba umsamehe," alisema kabla ya salamu. Akatoa simu yake, akaiweka kifuani kwa Naila. "Soma."

Zilikuwa meseji za Ijumaa ile.

Saa 7:12, Maulidi: "Mama nimemkalia. Leo ataacha kazi kwa mdomo wake."

Saa 7:14, Mama: "Vizuri baba. Usimwachie mpaka akubali."

Saa 7:31, Maulidi: "Kanyamaza."

Saa 7:32, Mama: "Mwanamke akinyamaza ujue amekubali."

Naila alizisoma mara mbili. Bi Kibibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilidhani anakusema kwa maneno," alisema. "Nilidhani amekubana kwa mazungumzo. Wallahi sikujua kwamba amekaa juu yako kweli. Lakini mimi ndiye niliyemwandikia asikuachie. Wewe unakufa, mimi nakaanga samaki, na namwambia vizuri baba."

"Kwa nini umeniletea, mama? Ungeweza kuzifuta."

"Nilizifuta kichwani siku tano. Zinarudi." Alivuta ushungi, akafunua shingo. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu refu jeupe. "Hili alinipa marehemu baba yake, kwa chupa, Maulidi akiwa na miaka saba amesimama mlangoni. Nikamwambia mwanangu nimeanguka. Nikamfunika baba yake mpaka anakufa. Mtoto akajifunza, na mwalimu ni mimi niliyenyamaza."

Naila aliiweka simu kando. Akamnyooshea mkono mzima, Bi Kibibi akaushika, akauweka usoni.

"Nipeleke polisi," mama yule alisema. "Mwenyewe miguu inakataa."

Walikwenda pamoja, Naila akiwa bado na nguo za hospitali chini ya khanga.

Kesi ilichukua miezi saba. Sadallah alitoa ushahidi mkono ukiwa umepona vibaya, umepinda. Mzee Vinod alieleza alivyodanganywa akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mtu anayekufa, akashindwa kumaliza, akaomba maji. Wakili wa Maulidi alimwuliza Naila kama ana uhusiano na mwalimu wake.

"Ndiyo," Naila alijibu. "Amenifundisha kazi."

Bi Kibibi alisimama wa mwisho. Alisoma meseji zote nne kwa sauti, za mwanawe na zake mwenyewe, bila kuruka hata neno. Maulidi alimtazama mama yake toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa, na wakili wake alipomgusa bega hakukiinua.

Akahukumiwa miaka saba kwa kuwajeruhi Naila na Sadallah.

Walipokuwa wakimtoa, alisimama mbele ya Naila.

"Nisubiri," alisema.

"Hapana."

Nje, jamaa za Maulidi walijaza gari mbili, wakaondoka. Bi Kibibi alibaki kwenye benchi. Walikuwa wameitupa mizigo yake uani tangu juzi, na hakuna shemeji aliyemgeukia. Naila, ambaye naye alikuwa amehama kwa baba yake mdogo na kupanga vyumba viwili, alisimamisha bajaji.

"Panda, mama."

"Nyumba yako nitaingiaje mimi?"

"Kwa miguu. Kulia ni bafu, kushoto ni jiko."

Bi Kibibi alitikisa kichwa. "Unajua leo nimemfunga mwanangu?"

"Najua. Na mimi nimemfunga mtu niliyekuwa nimechagua kuzaa naye."

Walitazamana. Dereva alizima injini, akangoja bila kuhimiza.

"Utaniangaliaje kila siku, Naila?"

"Sijui. Siku nyingine vibaya. Panda, jua kali."

Bi Kibibi alijiinua akaingia. Naila akamsogezea khanga miguuni isinaswe na tairi, kisha akamwambia dereva njia ya kwenda nyumbani.