Mikato Kumi na Minne

Siku ya Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, Anab Ogle alifungua mlango wa gereji yake kwenye Barabara ya Kismayu, mjini Garissa, akawasha taa, kisha akaketi palepale kwenye saruji. Mbele yake lilikuwa Prado la Mohamedamin, mfanyabiashara wa mifugo. Gari hilo lilikuwa jeupe tangu litoke bandarini, na kwa siku tisa Anab na mafundi wake wawili walikuwa wamelifunika lote kwa vinili, plastiki nyembamba ya kubandika, ya rangi ya zeituni isiyong'aa. Jumapili lilipaswa kwenda kumchukua bibi harusi. Sasa lilikuwa limechanwa.

Inspekta Hamdi Warfa wa ofisi ya upelelezi alifika nusu saa baadaye, akiwa na Konstebo Weris. Alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, akahesabu mikato kumi na minne: minne kwenye boneti, minane kwenye milango, miwili mirefu juu ya paa. Alipitisha kidole chini ya vinili iliyoachana. Rangi nyeupe ya ndani ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Bampa ya mbele, bampa ya nyuma na vioo vya pembeni havikuwa vimeguswa.

"Aliyefanya hivi anajua wembe uingie kiasi gani," alisema.

"Afande, njoo huku," Weris aliita kutoka nyuma. Bati moja la ukuta lilikuwa limebanduliwa, pengo la kutosha mtu kupita. Lakini misumari ilikuwa imesukumwa kutoka ndani kwenda nje. Hakuna aliyeingia hapo. Kuna mtu aliyetaka ionekane hivyo.

"Funguo za mlango ziko kwa nani, abaayo, dada yangu?" Hamdi alimuuliza Anab.

"Kwangu na kwa mafundi wangu, Daud na Yarow. Na Daud husahau zake pale msumarini, kila mtu wa barabara hii anajua. Tulifunga saa sita na robo, watu wakaenda sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa kwa hooyo, mama yangu, namlisha. Nimerudi nikakuta hivi."

Mohamedamin aliingia kabla Anab hajamaliza, kanzu nyeupe, uso umeiva kwa hasira. Alikuwa ameshika karatasi ya makadirio ya bei, akaipiga kwa kiganja.

"Laki mbili na nusu, afande! Binamu yangu Nairobi gari lake lilifunikwa kwa laki moja. Nililipa kwa sababu mwanamke huyu aliniapia. Sasa nani atanifidia?"

"La binamu yako ni gari gani?"

"Vitz."

Anab alisimama. Uchungu ulikuwa umemkauka, na sauti ya biashara ikamrudia. "Vitz inaingia mara mbili ndani ya hili! Gari likiwa kubwa linakula vinili zaidi. Halafu kuna vinili na vinili. Ile rahisi, jua la hapa linaipasua kwa miezi sita. Hii inavutika, haikauki. Pia gari lako lilikuwa na stika za biashara yako ya zamani, tulizibandua, tukaosha gundi siku nzima, tukaziba rangi iliyobanduka mlangoni. Hayo yote yana bei."

"Na hii?" Mohamedamin alisoma. "'Bampa na vioo, kazi ya fundi mwenye cheti cha Nairobi.' Hii peke yake karibu robo ya pesa!"

"Kwa sababu mlango ni kama meza, unatandika tu. Bampa ina mikunjo, ina mashimo ya taa, vinili ikivutwa vibaya inarudi nyuma baada ya wiki. Hapo unalipia mkono, si karatasi."

"Mkono wa nani?" Hamdi aliuliza.

Anab alisita kidogo. "Wa vijana wangu."

Hamdi aliandika jibu hilo, akapiga mstari chini yake.

*

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Kinsi, mke wa kwanza wa Mohamedamin. Alhamisi alikuwa amekuja gerejini, akasimama mbele ya gari na kusema kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia kwamba yeye aliolewa akapandishwa lori la mbuzi kutoka Hadado, na huyu mpya anavalishiwa gari hariri.

Hamdi alimkuta nyumbani, saa kumi jioni, anapanga vikombe.

"Eddo, shangazi, ulisema maneno makali jana."

"Nilisema na nitasema tena." Kinsi hakuinua macho. "Wivu ninao, wallahi, unanila hapa." Aligusa kifua. "Lakini gari limenikosea nini? Kama ningetaka kuchana kitu ningemchana mwenye gari. Saa ya sala nilikuwa hapa na wanawake kumi na wawili, tunasoma darsa. Waulize. Vikombe vyao ndivyo hivi."

Wanawake walithibitisha mmoja baada ya mwingine.

Wa pili alikuwa Shuaib, mpaka rangi wa gereji jirani. Kwa miaka kumi na mitano kila aliyetaka gari libadilike rangi alikwenda kwake. Tangu Anab afungue, wateja wenye magari makubwa walimpita wakimpungia mkono tu. Jumatano alikuwa ameapa kwamba plastiki ile ingechanika kabla ya harusi.

"Nilimaanisha jua, si wembe!" alilalamika. "Mimi nikitazama upande ule moyo unawaka, sikatai. Lakini mchana nilikuwa msikitini, safu ya kwanza. Tulibanana ndani hata pa kusujudu hapakutosha, kwa sababu uwanja wa nje wiki hii umemwagwa saruji, umefungwa kwa kamba. Na simu yangu ililia katikati ya hotuba. Muulize yeyote! Imamu mwenyewe alinyamaza akanitazama."

Weris alikwenda msikitini akarudi anacheka. Simu ya Shuaib ilikumbukwa na msikiti mzima.

Walibaki mafundi. Yarow, kijana wa miaka ishirini na minne aliyerudi kutoka Nairobi miezi mitatu iliyopita na cheti chake kwenye fremu, alijibu huku akitazama viatu.

"Nilisali katikati, afande. Sikumtambua aliyekuwa kando yangu."

"Nimeambiwa Alhamisi mteja alilalamika kuhusu paa."

Masikio ya Yarow yalibadilika rangi. "Mapovu mawili matatu ya hewa. Paa langu lilikuwa na mapovu, ndiyo. Ningeyatoa kwa sindano."

"Au ungepata bahati ya kulirudia lote bila aibu, kama lingechanwa."

"Milango pia nichane? Boneti pia? Zote nilizifanya mimi! Siku nne, mgongo umekufa!"

Daud alikuwa mtulivu zaidi. Mtu wa miaka thelathini na tano, vidole vyembamba, gundi kavu kwenye kucha. Alikuwa na Anab tangu siku gereji ilipokuwa meza moja ya kukata stika za namba za maduka.

"Nilichelewa kufika, afande, nikasali nje uwanjani, karibu na viatu. Halafu nikaenda kula."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Unafikiri ni nani?"

Daud alitazama ukuta. Palikuwa na picha kubwa iliyochapishwa wiki hiyo, ileile iliyokuwa ikizunguka mtandaoni: Yarow amesimama mbele ya Prado, mkono juu ya bampa, anatabasamu. Chini yake yameandikwa maneno "Fundi wetu kutoka Nairobi".

"Mimi ni nani hata nifikiri," Daud alijibu.

Hamdi alilisikia jibu hilo hadi ndani ya mbavu. Mwaka uliopita yeye ndiye aliyefumbua kesi ya ngamia walioibwa Eldas, na mwenzake Khalif ndiye aliyepelekwa kozi na kupigwa picha na wakubwa. Hamdi alimpongeza mbele ya watu, kisha akakaa wiki mbili bila kufungua ujumbe wa Khalif. Alijua sauti ya mtu anayemeza kitu kisichoshuka.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi aliwakusanya wote gerejini: Anab, Mohamedamin, Shuaib, Yarow na Daud. Kinsi alikuja bila kuitwa, akasimama mlangoni.

"Nahitaji kipande cha vinili kisichoguswa, kiende maabara," Hamdi alisema. Alimpa Yarow wembe wa kukatia. "Kata bampa ya mbele. Pale katikati."

Yarow alimtazama Anab, Anab akatazama chini. Yarow alipiga magoti, akaweka ncha ya wembe kwenye mkunjo chini ya taa.

"Acha!" Daud alikuwa ameshamfikia, amemkamata kifundo cha mkono. "Kuna mabaki ya rola pale, kata hayo! Bampa ina kosa gani?"

"Mwachie, Daud," Hamdi alisema kwa upole. "Jana milango minne, boneti na paa vilikuwa vinaning'inia kama ngozi ya mbuzi, hukusema neno. Leo bampa moja inataka kukuua."

Daud aliuachia mkono, lakini hakuondoka mbele ya gari.

"Nieleze nilivyoona, nawe unisahihishe," Hamdi aliendelea. "Mtu mwenye chuki na gari, au na mwenye gari, angechana pale panapouma zaidi. Anab alituambia ni wapi: bampa na vioo, robo ya bei. Huyu aliviacha. Akachana palipo rahisi kutandika. Nikajiuliza, rahisi kwa nani? Yarow akanijibu mwenyewe: paa, boneti, milango, zote ni zake. Basi bampa ni za nani?"

Hamdi alimgeukia Anab.

"Abaayo?"

"Za Daud," Anab alisema, sauti chini. "Yarow alijaribu mara mbili, ikakunjika. Tukapoteza mita tatu. Daud akamaliza, siku mbili, bila kiungo hata kimoja."

Mohamedamin aliikunjua karatasi yake. "Hapa umeandika fundi mwenye cheti."

"Wateja wakubwa wanataka cheti." Anab alifunika uso kwa ncha ya shungi. "Ningeandika jina lake ungelipa?"

Mohamedamin aliikunja tena karatasi.

"Rangi ya ndani haikukwaruzwa," Hamdi alisema. "Huo ni mkono wa miaka. Bati lilisukumwa kutoka ndani na mtu mwenye ufunguo. Na wewe, Daud, uliniambia ulisali uwanjani karibu na viatu. Uwanja umefungwa tangu Jumanne. Saruji yake bado mbichi."

Shuaib aliitikia kwa kichwa.

Daud alikaa juu ya tairi la akiba. Alipozungumza hakumtazama inspekta, alimtazama Anab.

"Miaka sita. Nilikata stika na wewe hata umeme ulipokuwa haupo, nikizipasha kwa kaa la moto. Nilijifunza bampa peke yangu, naharibu, narudia. Akaja huyu, nikamfundisha jinsi ya kushika mashine ya joto. Siku ya picha nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nimeshika taa immulike. Akaweka mkono wake juu ya kazi yangu." Alipumua. "Ijumaa nilirudi kuchukua kofia. Nikaiona ile picha ukutani. Nikaanza na boneti. Kila mkato nilisema huu ni wake. Nikafika kwenye bampa, wembe ukanikataa mkononi. Nilitaka watu waone kilichobaki. Waulize, ni nani aliyefanya hii?"

Yarow alikuwa bado amepiga magoti. "Ungeniambia, walaal, ndugu yangu."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuonea wivu? Mtu mzima mimi?"

Kinsi pale mlangoni alivuta shungi lake, akaondoka.

Mohamedamin alitaka mashtaka, na ilikuwa haki yake. Weris alimchukua Daud bila pingu. Harusi ingebaki Jumapili, na Anab aliahidi kurudia vipande vilivyochanwa bila malipo, kwa hasara yake.

Saa kumi na moja jioni Hamdi alikuwa mezani kituoni, anaandika, Yarow alipoingia na chupa ya chai ya tangawizi. Aliomba dakika tano. Hamdi alimpeleka hadi kwenye nondo za mahabusu alimokuwa Daud.

"Boneti inanirudia," Yarow alisema. "Pale pembeni, karibu na taa. Naivuta, inashika, nikigeuka inanyanyuka."

Daud alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Hamdi aliona taya lake likikaza, kisha likilegea.

"Unavuta sana," Daud alisema. "Ipe joto kwanza, iache ilegee yenyewe. Kisha iweke kwa kiganja, si kwa kifuta cha plastiki. Anza katikati." Alikwangua gundi kwenye kucha. "Wakikuuliza nani amekufundisha?"

"Nitasema ni wewe."

"Utasema?"

Yarow alifungua kinywa kujibu haraka, kisha akajizuia, kama mtu aliyegundua kwamba anaulizwa kweli. Aliweka chupa ya chai sakafuni, akaisukuma taratibu kupitia nondo.

"Leo nitasema," alisema. "Ya kesho sijui, Daud. Wakianza kunisifu, sijui."

Daud alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akamimina chai kwenye kifuniko, akanywa.

"Angalau wewe husemi uongo," alisema. "Nenda. Boneti itapoa."