Kitambaa cha Buluu Juu ya Ndoo ya Maji

Habari hii isikilizeni mpaka mwisho wake, ninyi mnaolea watoto, na ninyi mnaokaa nao nyumba moja.

Katika mtaa wa Kilibula, mjini Uvira kando ya ziwa Tanganyika, aliishi mwanamke aitwaye Sabine na mumewe Evariste, muuzaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mtoto wao, Bienvenu, alikuwa na miezi tisa. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Sabine aliketi uani akifua vitambaa vya kumpangusia mtoto. Alivikata mwenyewe kutoka shuka kuukuu ya buluu, vipande ishirini na vinne, akavipinda kingo kwa sindano visije vikachanika. Utaratibu wake haukubadilika. Kitambaa kimoja kilipangusa mara moja, kikaingia katika ndoo ndogo yenye kifuniko. Kinyesi kilitangulia kutupwa chooni, na maji ya kusuuzia yalimwagwa huko huko. Vitambaa vilichemshwa kwa sabuni, au kwa maji ya majivu sabuni ilipokosekana, kisha vikaanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Buluu ilikuwa alama. Kitambaa chochote cha rangi hiyo kilikuwa cha makalio ya mtoto, wala hakikuingia jikoni. Alifundishwa hivyo kliniki ya wazazi, akaelewa sababu yake, na mtoto wake alikua bila upele na bila kuharisha.

Ulikuwa mwaka wa nne wa vita ya pili ya Kongo. Risasi zilipofika Kiringye, katika bonde la mto Ruzizi, watu walishika barabara ya Sange wakaingia Uvira kwa miguu. Miongoni mwao alikuwa Pudentienne, shangazi yake Evariste, pamoja na binti yake Ninahazwe. Mume wa Ninahazwe alikuwa ameuawa katika shamba lake la mpunga majuma mawili kabla. Alichobaki nacho Ninahazwe duniani kilikuwa mgongoni mwake: Uwimana, mtoto wa kike wa miezi kumi, wa kwanza na wa pekee.

Mnaijua desturi. Shangazi wa mume akiingia nyumbani, jiko ni lake. Yeye hupakua, yeye huamua maji yakae wapi, na mke wa nyumba hamfundishi kitu. Akiwa mkimbizi, mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa neno dogo la kumsahihisha husikika kama kumwambia aondoke.

Siku ya pili Pudentienne alimkuta Sabine mbele ya sufuria inayochemka.

"Mama Bienvenu, unapika nini?"

"Vitambaa vya mutoto, shangazi. Vya kumupangusa."

"Hivi vyote?" Pudentienne akavigeuza kwa kijiti. "Makalio ya mutoto huyu iko na nguo nyingi kuliko minye. Minye nimetoka Kiringye na kitenge kimoja."

Ninahazwe, aliyeketi karibu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Sabine naye akacheka.

"Nilikomalisha watoto saba na maji ya Ruzizi," shangazi akaendelea. "Mavi ya mutoto mwenye kunyonya haiko mavi. Ni maziwa imepita tu. Weye unamumalizia Evariste makala ya jiko bure."

Sabine alijua kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hubeba ugonjwa sawa na cha mtu mzima. Alijua pia kwamba watoto wote wawili walikwisha kuanza uji na maji. Akajibu, "Ndiyo, shangazi."

Basi vitambaa vikawa vya watoto wawili, na mkono wa kuvifua ukawa wa Pudentienne. Siku hizo umeme ulikatika na mabomba yakakauka. Watu walichota maji ziwani na katika mto Kalimabenge, pale pale walipofulia wengine. Msidhani Pudentienne alikuwa mchafu. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku. Lakini kwake yeye kitambaa kilichopangusa mtoto kilikuwa kama kitambaa kingine. Alikisuuza katika beseni la vyombo, akakitundika kivulini, na kesho yake akakitumia kushikia sufuria au kufutia sahani.

Siku ya tisa Sabine aliingia jikoni akaona kitambaa cha buluu kimetandazwa juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Kilikuwa bado na unyevu, na katikati yake kimegusa maji. Alinyoosha mkono. Pudentienne alikuwa ameketi hapo hapo akichambua sombe, majani ya muhogo, akimtazama.

"Nimefunika maji," shangazi akasema. "Inzi iko mingi huku kwenu."

Sabine akaurudisha mkono. "Asante, shangazi."

Kuanzia siku hiyo alifanya jambo ambalo nataka mlitafakari. Alichemsha maji kidogo, akayatia katika termosi, akaificha chumbani kwake, na Bienvenu hakunywa maji mengine. Hakumwambia mtu yeyote. Alijiambia kwamba makaa hayatoshi kuchemsha maji ya watu wote. Makaa yalitosha.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Uwimana aliharisha mara nne kabla watu hawajanywa chai. Kilichotoka kilikuwa maji meupe, kama yale ya kuoshea mchele.

"Iko meno," Pudentienne akasema. "Angalia ufizi, lile la juu linatoka."

"Labda tumupeleke kwa muganga, shangazi," Sabine akasema kwa sauti ndogo.

"Wanapigana barabarani, nawe unataka tumutoe sababu ya jino?"

Sabine akaenda kuwasha moto wa chai. Kufikia saa sita macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ikibanwa kwa vidole ilibaki imesimama. Alilia bila machozi, kisha akaacha kulia.

Ninahazwe akamfunga mgongoni. "Minye naenda," akasema. "Mwenye kubaki abaki."

Wanawake wote watatu wakatoka, Bienvenu akiwa mgongoni kwa mama yake. Kwenye daraja la Kalimabenge askari waliwarudisha mara mbili. Walipovuka ilikuwa saa kumi. Katika kituo cha afya muuguzi, bwana mmoja aitwaye Herménégilde, alitafuta mshipa mkononi, mguuni, na mwisho kichwani. Aliupata, maji ya serumu yakaanza kushuka. Saa kumi na moja na nusu Uwimana alikata roho juu ya mapaja ya mama yake.

Kazi ya muuguzi haikuishia hapo. Alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi, asije akapokea na wengine.

"Huyu wa mgongoni ni wa nyumba ile ile? Anaharisha?"

"Hapana," Sabine akajibu.

"Wanakunywa maji mamoja?"

Sabine akakaza fundo la kitenge kilichombeba mtoto.

"Mama, ninakuuliza juu ya maji."

"Huyu anakunywa ya kuchemsha. Ninamuwekea pembeni."

Pudentienne alikuwa amesimama nyuma yake. "Toka lini?"

"Toka siku ile ulifunika ndoo."

"Ulikiona kitambaa?"

"Nilikiona, shangazi."

"Na ukaniambia asante."

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

Pudentienne akaketi chini, sakafuni. "Minye sikusoma, lakini niko na masikio. Ungenitukana, mama Bienvenu. Ungesema, kizee weye ni muchafu, toka kwa maji yangu. Ningelia siku moja, na mutoto angekunywa maji ya kuchemsha. Weye uliona minye siwezi kufundishika. Hiyo ndiyo unaita heshima?"

Ninahazwe hakumlaumu mtu. Alimwomba muuguzi kitu cha kumfunikia mtoto, akapewa shuka, akaikunja kwa uangalifu mara mbili.

Juma lililofuata mama na binti walirudi bondeni, ingawa mapigano hayakuwa yamekwisha. Sabine aliwafungia chakula cha njiani. Hawakukichukua. Evariste aliwasindikiza hadi Sange akarudi peke yake.

MAFUNZO

Kinyesi cha mtoto ni kinyesi, hata akiwa ananyonya. Vitambaa vya kumpangusia ni vyema, navyo havimshindi maskini, mradi viwe na ndoo yake, vichemshwe, vikaushwe juani, na visikanyage jikoni hata siku moja. Maji meupe si meno. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa saa ile ile, akinyweshwa njiani maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi.

Hayo Sabine aliyajua yote. Vita ilikausha bomba na kufunga daraja. Kunyamaza kulikuwa kwake mwenyewe. Mkubwa akikosea mbele yako, mpigie magoti ukitaka, lakini mwambie. Maana ukimkinga mtoto wako peke yake na ukamwacha wa mgeni anywe, huyo mgeni hujampokea.