Nilimrekodi Mume Wangu Akila Mchana wa Ramadhani

Nilisukuma mlango bila hodi.

Mume wangu alikuwa amekaa mkekani, kofia ameivua, tonge liko mdomoni. Saa nane mchana! Mfungo wa kumi na nne!

Na pembeni yake mwanamke...

Jamani, simu sikuiachia. Nilishaanza kurekodi tangu kibarazani.

"Mke wangu, subiri..."

"Nisubiri nini? Umalize sahani?"

Yule mwanamke akajifunika uso kwa kanga. Nikamsogezea kamera hapo hapo.

"Usijifiche! Watu wakuone! Mwezi mtukufu unamlisha mume wa mtu mchana kweupe!"

Nilitoka pale nikijiona shujaa. Naandika haya leo na natamani ardhi inimeze.

Mume wangu alikuwa fundi wa makochi. Ukiingia karakana kwake unakanyaga sponji, misumari na vipande vya vitambaa. Mtu mpole, kicheko chake cha chini chini. Msikitini ni mtu wa safu ya kwanza. Ramadhani ikiingia, yeye ndiye anatandika mikeka ya taraweh, yeye ndiye anapanga tende kwenye visahani ili wapita njia wapate cha kufungulia.

Sasa shoga yangu msusi akanipigia.

"Shoga, umelala usingizi gani? Mumeo kila siku akishaswali adhuhuri anaingia kwa yule mjane. Na mfuko mkononi!"

"Mjane yupi?"

"Huyo huyo anayeishi nyuma ya kisima."

Sikuuliza la pili. Nilivaa baibui juu ya nguo za kushonea, uzi bado umening'inia begani, nikamfuata.

Mengine mmeshayasikia.

Video niliituma kwenye kundi la kinamama wa msikiti. Chini yake nikaandika: "Mtu wetu wa safu ya kwanza huyo." Nikaweka vikaragosi vya kucheka.

Kufika alasiri, video ilishatoka kwenye kundi. Ilikuwa kwa wauza mboga, kwa mafundi, kwa watu nisiowajua kabisa. Wengine walinitumia mimi mwenyewe: "Dada, umemwona huyu?"

Magharibi ikaadhiniwa. Nikafungua peke yangu, tende na maji. Yeye alikaa mlangoni, viatu hajavua.

"Mke wangu... mimi naumwa."

"Unaumwa nini? Njaa?"

"Sikiliza kwanza..."

"Wagonjwa wa Ramadhani nawajua! Miezi kumi na moja wazima wa afya, mwezi mmoja hoi!"

Nikacheka. Wallahi nilicheka.

Akauliza, sauti imekauka:

"Nikifunga, utaifuta?"

"Funga kwanza tuone."

Akafunga.

Siku ya kwanza alirudi mapema, akalala mpaka adhana. Siku ya pili jasho lilikuwa linamtoka, akiongea ulimi mzito. Nikajisemea, hiyo ndiyo adabu, mwili ulizoea kula. Nilimpitia pale kitandani nikaenda jikoni kupika futari, naimba kaswida!

Siku ya tatu nilipigiwa simu na fundi wa mageti, jirani yake wa karakana.

"Shemeji, njoo hospitali. Kaanguka."

Nilimkuta kalala, mpira wa hewa puani, kiganjani bado ana gundi ya makochi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka.

"Wewe ni nani yake?"

"Mke wake."

"Huyu ana kisukari, mwaka wa nne sasa. Anatumia dawa za kushusha sukari. Nilimkataza kufunga, kwa mdomo na kwa maandishi. Nani kamwambia afunge?"

Niliikazia macho ile gundi kiganjani mwake.

"Amemeza dawa alfajiri, akashinda na tumbo tupu, sukari imeshuka mno. Wamemkuta muda umeshapita. Mama, nakuuliza, nani kamwambia afunge?"

Ningesema nini? Kwamba ni mimi, kwa sharti la kufuta video?

Hakuamka. Mfungo wa ishirini, asubuhi, akakata roho. Walinikabidhi saa yake na viatu ndani ya mfuko.

Wasomaji wangu, kama mnadhani hapo nilishazinduka, bado...

Siku ya maziko nyumba ilijaa. Mara nikasikia zogo uani. Yule mjane amekuja kutoa pole.

"Huna haya! Umekuja kumalizia?" kinamama walimzomea.

"Nimekuja kumzika ndugu yangu Muislamu. Basi."

"Toka!"

Mmoja alimvuta mtandio mpaka ukadondoka. Yule mjane akaniangalia mimi, juu ya vichwa vya watu wote, kama mtu anayesubiri neno moja tu.

Nilishaongea na daktari. Nilijua mume wangu alikuwa mgonjwa.

Nikainamisha kichwa. Wakamtoa.

Siku ya tatu ya msiba akaja imamu. Nilikuwa tayari nakaa eda ya kufiwa, kwa hiyo akakaa upande wa pili wa pazia.

"Binti yangu, nilipewa siri. Mwenye siri ametangulia, na kuna mtu anaumia kwa ajili yake. Siwezi kunyamaza tena."

Akanieleza. Ugonjwa wa mume wangu ni wa kudumu, na mtu wa namna hiyo dini haimlazimishi kufunga. Analisha masikini mmoja kwa kila siku anayokula. Inaitwa fidia. Mume wangu alipouliza ampe nani, imamu ndiye aliyemwelekeza kwa yule mjane, anayemuuguza mama yake mzazi.

Ule mfuko ulikuwa na mchele, maharage na mafuta. Mjane anapika. Mume wangu anakula kidogo palepale, kwa sababu dawa zilimtaka ale mchana, na hakutaka kula mbele za waliofunga. Kinachobaki ni futari ya wale wanawake wawili.

"Kwa hiyo yule mjane..."

"Alikuwa amefunga. Na mama yake alikuwepo chumbani humo humo, kitandani. Kamera yako haikugeuka upande ule."

Nikauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Kwa nini hakuniambia mimi mkewe?"

Imamu akashusha sauti:

"Ramadhani iliyopita ulimsema wifi yako mbele za watu kwa kula mchana. Naye ana presha. Mumeo aliniambia, mke wangu nampenda sana, lakini ulimi wake siuwezi."

Nililia mpaka sauti ikakatika. Lakini machozi yangu yanamsaidia nani?

Idd imepita. Hapa kwangu hakuna aliyevaa nguo mpya. Nasikia yule mjane hatoki. Akienda kisimani, watu wanasogeza ndoo zao. Imamu amesimama mara mbili kumtetea, lakini waliosikia ni wachache kuliko waliotazama.

Mimi niko eda, siwezi kupita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nimepita humu mtandaoni.

Nilifunga siku zote zile, sikudondosha hata tone la maji mdomoni. Nikatoa kwa mdomo huo huo maneno yaliyomuua mume wangu na kumzika mwanamke angali hai. Sijui kama nilichobakiwa nacho ni saumu au njaa tu. Mwenye kujua ni Mungu.

Ukimwona mtu anakula mchana, hujui daktari kamwambia nini. Muulize kwa upole, au pita.

Na kama ile video iko kwenye simu yako, usinitumie pole. Ifute. Halafu mwambie aliyekutumia kwamba mwenye video amesema yeye ndiye mwongo, na kwamba mwanamke yule hana kosa.

Kisha nenda kisimani, ukamsalimie.