Ukuta Uliokataa Kukauka

Kuta zote za nyumba ya Mwanvua zilikauka, isipokuwa ule wa chumba cha ndani.

Mumewe Hamadi, aliyekuwa akinunua pembe za ndovu hapa Kindu, alikuwa amezikwa kabla ya mvua. Sasa mjane huyo alitaka kuiuza nyumba ahamie Lokandu kwa binti yake. Yeye na ndugu yake Sudi walikwangua masizi, wakasiriba udongo mweupe, wakaezeka majani mapya, wakafukiza ubani hadi barazani. Lakini ukuta ule ulitoa jasho: zito, la njano, likinuka kama utumbo uliosahauliwa juani.

"Dada, usiguse," Sudi alinong'ona. "Hii hapana maji."

Akaparua yeye mwenyewe kwa ncha ya kisu. Chini ya udongo palikuwa na nywele, na chini ya nywele ngozi, iliyotetemeka kama ya mbuzi anayefukuza inzi.

Mwanvua akaziba mdomo.

"Nilimwona shemeji akiingia humu na bakuli ya damu," Sudi akasema. "Akitoka, bakuli imelambwa safi. Lilikuwa jini lake, dada. Njo lenyewe lilichunga pembe zake. Sasa iko na njaa."

Alasiri hiyo mnunuzi alifika, Kasimu, pamoja na mkewe Aziza, mwenye mimba kubwa. Mwanvua alishika mkeka tayari, autundike kufunika ukuta. Alipoliona tumbo la Aziza, mkeka ukamtoka mikononi, akaeleza yote.

Kasimu hakushtuka. Alisogea, akaweka kiganja ukutani. Udongo ukapasuka taratibu, na kwenye ufa ukachomoza ulimi wa kijivu, mpana, wenye vidonda, ukaanza kuvilamba vidole vyake kimoja kimoja, ukivuta mate kama uji uliochacha, huku chumba kizima kikijaa sauti ya kumeza, na inzi wakiingia kwa wingi na kutua kwenye midomo ya kila aliyesimama mle.

Aziza akatapika.

"Njo nyumba niliyotafuta ichunge mali yangu," Kasimu alisema, akitabasamu. "Mama Mwanvua, inakula damu tu? Ao hata nyama changa?"

Macho yake yalikuwa kwenye tumbo la mkewe.

Mwanvua alimshika Aziza mkono, akamtoa nje, kisha akachukua kijinga cha moto jikoni na kukichomeka kwenye paa.

"Dada! Mali yako yote!" Sudi alilia.

"Acha iungue."

Kasimu alitoka mbio akitukana. Moto ulipopanda, kitu ndani kililia kama mnyama anayechinjwa, na mafuta meusi yakachuruzika hadi uani. Majirani waliziba pua, wengine wakatapika njiani. Harufu ya nywele zilizoungua ilishika nguo, nywele, hata maji ya kunywa.

Asubuhi Mwanvua na Aziza walishuka mtoni, Sudi akiwabebea mizigo. Iliwabidi kupita pale. Nyumba ilikuwa majivu matupu, ila ukuta mmoja ulisimama, mweupe, ukitota. Mbele yake Kasimu amepiga magoti, mkono wake wa kushoto umechanjwa, ameubana kwenye ufa.

"Kula, baba," alikuwa akibembeleza. "Kula polepole."

Aziza alimtazama mumewe mara moja tu. Akatema mate, akatangulia kuingia mtumbwini. Nyuma yao ukuta ulicheua, kama mtoto aliyeshiba.